Baina ya Umeme na Maji

SURA YA SITA

Dera jipya la rangi ya zabibu lilikuwa bado lina mikunjo ya dukani, na Ibtisam alijiambia kwamba hakumvalia mtu. Amelivaa kwa kuwa leo ni Alkhamisi, na Alkhamisi mtu huvaa analolitaka. Lakini kila ubao wa ngazi ulipolia, moyo wake uliitikia kabla ya masikio. Mamaake, Bi Tamima, aliyekuwa akipanga visheti kwenye sahani, alimtazama kwa pembeni akatabasamu.

Aliyekuwa akingojewa ni Simai.

Simai bin Usi alikuwa kijana wa kisiwa cha Tumbatu, mrefu, mwenye sauti ya chini na vidole visivyotulia. Alifanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kompyuta, ghorofani, mtaa wa Malindi, karibu na bandari. Ukivuka njia tu unaingia kwenye ofisi ya tiketi za boti, ambako Ibtisam alikaa dirishani kutwa akiwauzia watu safari za Dar es Salaam. Hapo ndipo walipoonana. Simai alikwenda kununua tiketi, akarudi kesho yake kununua nyingine, na keshokutwa akarudi kuuliza bei ambayo alikuwa ameshaijua. Siku hizo zilipita. Sasa wazee wake walikuwa wameshaleta posa nyumbani, imepokewa kwa kahawa na halua, na jibu lilikuwa linangojewa Jumapili.

Mwenye jibu alikuwa Turki, kakaake Ibtisam. Baba yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo Turki ndiye aliyekuwa walii, msimamizi wa ndoa ya dadaake, na uwalii ule aliuvaa kama joho. "Watu wenyewe wa Tumbatu," alikuwa akisema kila posa ilipotajwa, kwa namna mtu anavyosema kuwa samaki ameanza kunuka.

Ibtisam alivumilia. Simai alikuwa na kazi, na dini, na adabu, na alikuwa na jambo moja ambalo hakupata kuliona kwa mwanamme mwengine. Alikuwa akiuliza.

Kampuni moja ya simu ilikuwa imeipa ofisi yao kazi ya kibeti cha ndani ya simu: mtu atie pesa zake humo, atume, apokee, alipie, bila ya kupanga foleni wala kufunga noti kwenye ncha ya kanga. Mashine zenyewe ziliendeshwa na watu wengine, Bara. Kazi ya Simai ilikuwa ni kile anachokiona mtu: maneno gani yatokee kwenye kioo, lipi mwanzo na lipi baadaye, ili hata bibi ambaye hajapata kubonyeza ila kitufe cha kijani na chekundu afike anakotaka bila ya kumwita mjukuu. Na kila kitu alimuuliza Ibtisam. Ibtisam, hapa ungetaka uone nini? Ibtisam, ukikosea hapa utarudi vipi? Yeye ndiye aliyemwambia sifuri iwe ya kurudi nyuma, kila ukurasa, mtu asipotee. Yeye ndiye aliyesema kwamba kabla pesa haijaondoka, jina la anayepelekewa litokee kwanza, lisomwe. Hata neno kibeti ni lake. Mapenzi yao yalikulia humo, ndani ya kioo kidogo kuliko kiberiti.

Kwa hiyo Simai alipoingia, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, simu ya majaribio mkononi kama anayebeba yai, Ibtisam aliona fahari usoni mwake na yeye mwenyewe akajiona ana fahari.

"Shikamoo, Bi Tamima."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Visheti hivyo, usione haya."

Turki alikuwa ameshajikalisha kwenye kochi la marehemu baba yake, mguu juu ya mguu. "Haya, Mtumbatu, tuonyeshe hayo maajabu. Wiki ijayo unawapelekea wakubwa wa kampuni, eti?"

"Jumanne, inshaallah. Nilitaka nyumba hii iwe ya kwanza kuona." Macho yake yalikuwa kwa Ibtisam. "Shika wewe. Bonyeza."

Ibtisam aliishika simu, bado ina joto la kiganja cha Simai. Akabonyeza nyota, namba, alama ya reli. Kurasa zikamjia moja baada ya moja, na kila moja aliijua kama anavyojua vyumba vya nyumba yao. Tuma pesa. Pokea. Angalia kilichomo. Lipia. Alibonyeza Lipia, ukurasa ambao alikuwa hajauona, akausoma moyoni mara mbili.

"Soma basi na sie tusikie," akasema Turki. Alipoona dadaake hasomi, aliinuka akachungulia juu ya bega lake. Akasoma polepole, kama mtoto wa chuo cha Kurani. "Moja, umeme. Mbili, mahari. Tatu, maji."

Bi Tamima aliacha kumimina kahawa. "Soma tena."

"Umeme, mama. Mahari. Maji." Turki alianza kucheka, kicheko cha tumboni, cha mtu aliyeokota kitu njiani. "Loo! Mtoto wa watu kawekwa baina ya umeme na maji! Hebu niambie, Simai bin Usi. Umeme usipolipiwa hukatwa. Mke je, asipolipiwa, mnamkata wapi?"

"Kaka Turki, haikuwa nia yangu..."

"Na maji huja siku moja, siku mbili hayaji. Na mke ndiyo hivyo hivyo?"

Simai uso ulimwiva. "Nisikilizeni. Kuna vijana wapo Paje mahotelini, wapo Maskati, wanampa mtu mahari ailete na mtu anaila njiani. Harusi ngapi zimevunjika kwa hilo? Nilisema hiki kibeti kitawasaidia. Nikayapanga kwa yanayotajwa zaidi na watu. Umeme wameutaja wengi, halafu..."

"Halafu mimi," akasema Ibtisam.

Bi Tamima alikuwa amesimama. Yeye mahari yake ililetwa ndani ya kijaluba cha fedha, kijaluba ndani ya kitambaa cha hariri, juu ya sinia lililotandikwa asumini na mrehani na kufunikwa kawa jekundu. Mbele ya sinia wazee na udi, nyuma wanawake na vigelegele, na mtaa mzima uko madirishani. Kawa lile lilikuwa bado kabatini. "Mwanangu Simai," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko inavyostahili, "mahari si deni la serikali."

Ibtisam alikuwa hajamaliza. Alibonyeza mbili, kwa sababu kitu kilichofunguliwa lazima kitazamwe mpaka mwisho. Ukurasa mwengine ukatokea, maneno manne tu, yamekaa sawasawa kwenye kioo, hayakuzidi upana, vile vile alivyomfundisha.

Weka namba ya walii.

"Namba ya nani?" akauliza.

Na hapo Turki aliacha kucheka. "Hapo pako sawa," akasema upesi. "Hapo kijana katia akili. Hapo pasiguswe."

Ibtisam alimtazama kakaake, akamtazama Simai. "Nani kakwambia uweke namba ya walii?"

Simai aliinamisha macho. "Nilimuuliza Kaka Turki. Tulikutana barazani, baada ya Magharibi. Nilitaka kujua kwenu ada ikoje."

"Ulimuuliza Kaka Turki."

"Ndiyo."

"Kuhusu mahari yangu."

Ibtisam aliinuka. Hakumrudishia simu mkononi. Aliiweka kwenye sahani, juu ya visheti, kioo kinatazama chini. "Nenda, Simai," akasema. "Nenda kabla sijasema lisilosemeka mbele ya mama."

*

Turki aliyatoa yale maneno siku ile ile. Aliyapeleka barazani kama mtu anavyopeleka tende mpya, kila mtu aonje, na Ibtisam alipofungua dirisha la tiketi Ijumaa asubuhi, yalikuwa yameshafika bandarini kabla yake.

"Dada, nipe tiketi ya Dar," akasema mpagazi mmoja, jitu la mabega. "Na mahari je, inapokewa dirisha hili hili au la pili?"

"Inapokewa kwa mamaako. Mwengine!"

"Nasikia umetiwa kwenye bili, mwanangu," akasema mama mmoja wa makamo, kwa huruma, na huruma ile ilichoma zaidi ya ule utani. "Pole. Dunia imeharibika."

"Ibtisam! Mita yako inasoma ngapi?"

Alikata tiketi. Alihesabu chenji. Alitabasamu pale ambapo kazi ilimtaka atabasamu. Simai alikuwa ameandika upuuzi, ndiyo. Lakini aliyeuchukua upuuzi ule akautembeza mitaani, na jina la dadaake wa tumbo moja juu yake, ili apate kumwangusha mtu wa Tumbatu, hakuwa Simai. Turki alikuwa radhi kumvua nguo yeye hadharani almuradi mwengine aone baridi.

Karibu na adhuhuri Simai alikuja. Hakupita ubavuni kama alivyozoea. Alisimama kwenye mstari, nyuma ya watu, kama abiria. Macho yao yalikutana juu ya vichwa vya watu, na Ibtisam alichukia kwamba bado, baada ya yote yale, mkono wake ulikwenda kuuweka sawa ushungi. Macho ya Simai yalikuwa hayajalala.

Alipofika dirishani aliinama. "Ibtisam, nimeifuta."

"Umefuta nini?"

"Mahari. Nimeiondoa yote. Alfajiri nilikwenda ofisini nikaitoa. Mkuu wangu kanikaripia, anasema kampuni iliipenda kuliko kitu chochote. Nikamwambia basi atafute mtu mwengine akairudishe. Sasa kuna umeme, maji na ada ya skuli, basi. Haipo tena."

Simai alitarajia uso wa Ibtisam ufunguke. Badala yake uliiva.

"Nani kakwambia uiondoe?"

Simai alibaki kinywa wazi. "Si... si imekukera?"

"Imenikera. Nani kakwambia uiondoe?"

"Ibtisam, mie sikufahamu. Nimeiweka, umekasirika. Nimeiondoa, umekasirika. Unataka niirudishe? Niipeleke juu kabisa, iwe namba moja? Niipe ukurasa wake peke yake? Nambie."

"Nataka uniulize!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, na vichwa vyote vya mstarini vikageuka. "Uliniuliza sifuri ikae wapi. Uliniuliza herufi ziwe kubwa au ndogo. Uliniuliza hata mlio, ulie mara moja au mara mbili. Ilipofika mahari yangu, mali yangu mimi, aliyonipa Mungu si Turki, ukenda barazani kumuuliza mwanamme mwenzio! Mkakaa wawili mkanikadiria kama kitambaa. Na leo umeamka, umeona vibaya, umeifuta, tena peke yako. Mimi nipo wapi humo, Simai? Mimi nnatokea ukurasa wa ngapi?"

"Niliona haya," akasema Simai kwa sauti ya chini.

"Haya ya nini?"

"Ya kukuuliza. Mwanamme atamwambiaje mtoto wa watu, mahari yako nimpe nani? Nilihisi ni kama kumkamata mkono kabla ya ndoa."

Maneno yale yalimpata mahali laini, na kwa kuwa yalimpata alizidi kukasirika. "Basi niulize sasa. Hapa. Nipo."

Simai alifungua mdomo. Akatazama nyuma, akaona macho ya watu, vikapu, mpagazi mwenye mabega aliyesogea karibu asikie vizuri. Akaufumba mdomo.

"Muulize basi, ndugu yangu!" akapiga kelele mtu wa nyuma. "Boti inatuacha!"

"Muulize, muulize," wakaitikia wengine.

Masikio ya Simai yalikuwa mekundu mpaka kwenye ncha. Mikono imeshika ukingo wa dirisha, vidole kwa mara ya kwanza vimetulia. "Si hapa, Ibtisam," akasema. "Nisamehe. Si hapa."

"Barazani kwa Turki panafaa, ila hapa hapafai." Akalivuta pazia la dirisha. "Mwengine!"

Na nyuma ya pazia lile, kwa muda wa kumeza mate tu, alilia.

*

Jumamosi alikuja Hind.

Hind alikuwa dadaake Ibtisam, mkubwa kwa Turki, ameolewa Chukwani, na hakuwa mtu wa kuja mjini bila ya sababu. Alipanda ngazi akihema, buibui limeteleza begani, na kabla hajaketi alisema, "Hii habari ya namba ya walii ni kweli?"

"Kweli," akasema Ibtisam. "Imeshafutwa, lakini ni kweli. Turki ndiye aliyemfundisha."

"Na kwa nini asimfundishe? Si kashaizoea!" Hind aliketi kwenye mkeka, akavua viatu kimoja kimoja akavitupa mlangoni. "Mahari yangu mimi si ilikwenda kwa walii? Ilishuka ngazi hizi hizi ndani ya mfuko wa shati lake. Unayajua yale mageti ya chuma ya duka la baba, analoliendesha Turki, yale ya kukunjwa? Basi ile ndiyo mahari yangu. Kila nikija mjini naipitia. Asubuhi inakunjwa juu, jioni inashushwa chini, inatiwa kufuli."

Bi Tamima alikuwa akichagua mchele. Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Unasema nini wewe?"

"Nnasema hilo unalolijua, mama."

"Nnajua nini? Turki aliniambia wewe ndiye uliyemwambia akuwekee. Alisema, Hind hataki kukaa na pesa nyumba ya ukweni, kaniachia mimi. Nikasema vizuri, mtoto ana akili."

"Mie?" Hind alicheka, na kicheko chake hakikuwa na furaha. "Mie aliniambia mama ndiye aliyesema. Alisema, mama kataka duka la baba lisife. Nikanyamaza kwa ajili yako. Nani aliniuliza, mama? Kuna mtu alikuja chumbani akaniuliza?"

Wakatazamana, mama na binti, juu ya ungo wa mchele, na miaka yote ile ikapita baina yao. Kila mmoja alikuwa amemstahi mwenziwe. Na katikati ya heshima zao mbili Turki alipita na mfuko wake umejaa.

Ibtisam aliitwaa kanga yake. "Nitamwita sasa hivi," akasema akiinuka. "Nitamwita hapa mbele yenu."

"Kaa chini," akasema Bi Tamima.

"Mama!"

"Nimesema kaa." Alirudi kuchagua mchele, akatoa punje moja nyeusi, akaitazama, akaitupa. "Kesho kuna wageni. Wageni wakiwa mlangoni mtu hafagii. Huyu Simai wako, ulimwambia akuulize?"

"Nilimwambia. Akashindwa."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya mstari mzima wa abiria."

"Hm," akasema Bi Tamima. "Marehemu baba yako hata kwenye chumba kitupu asingeweza." Akaupepeta mchele.

*

Jumapili baada ya Alasiri wageni walifika. Ada ni kwamba mwenye kuposa hamfuati mshenga. Hukaa kwao, roho mkononi, aletewe jibu. Kwa hiyo Mzee Msabah, baba mdogo wa Simai, alipoingia sebuleni na fimbo yake, na nyuma yake akaingia Simai mwenyewe, Turki alikunja uso waziwazi.

"Mzee Msabah, kwenu Tumbatu bwana harusi hujiposea?"

"Nimemkataza toka Mkokotoni," akasema mzee, akijishusha kwenye kiti polepole. "Kanambia nikimwacha nyuma atakuja kwa miguu. Sasa mtu mzima nitafanyaje?"

Ibtisam alikuwa chumba cha ndani, pamoja na Hind, nyuma ya pazia la mlangoni. Sebule ilionekana kwa upenyo, kipande kipande: fimbo ya mzee, buli la kahawa, mkono wa Simai juu ya goti lake. Bi Tamima aliketi kwenye kiti kilichoegemea mlango ule, kanga imemfunika vizuri, tasbihi mkononi.

Turki alisimama. Alipenda kusema akiwa amesimama. "Sitawachelewesha. Posa yenu tuliipokea kwa heshima. Lakini yametokea ya kutokea, na mji mzima umeyasikia. Sisi ni watu wa nyumba yenye jina. Hatuna binti wa kulipiwa kama umeme. Mji mzima unatucheka, na ninyi..."

"Aliyeupelekea mji ni nani?" akauliza Simai.

Hakupaza sauti. Lakini nyuma ya pazia Ibtisam alishika mkono wa Hind.

"Unasema na mimi?"

"Nnasema na wewe, kaka. Mimi nilikosea mbele ya watu watatu, ndani ya nyumba hii. Mtu akikosea hapa, anakanywa hapa. Waliotoka hapa na neno lile ni wawili, mimi na wewe. Mimi sikwenda barazani. Lakini sikuja kugombana." Alinyanyuka. Kanzu ile ile, pasi ile ile, ila leo alikuwa ana jasho kama mtu aliyepanda mnazi. "Nimekuja kwa jambo nililotakiwa nilifanye Ijumaa nikashindwa. Bi Tamima, nnaomba ruhusa yako nimuulize Ibtisam."

"Umuulize?" Turki alipiga hatua akasimama mbele ya pazia, mabega yameziba mlango. "Mwari haulizwi na mwanamme! Anaulizwa na walii wake, na kimya chake ndiyo jibu. Hujui dini wewe?"

"Anaulizwa," akasema Mzee Msabah kutoka kitini, akitazama kichwa cha fimbo yake. "Neno lenyewe umelitaja. Sasa wewe, mwanangu, ulimuuliza?"

Turki aligeuka kumtazama mamaake. Ilisikika tasbihi ya Bi Tamima, punje moja ikigonga nyenziwe.

"Muulize," akasema Bi Tamima.

Simai alivuta pumzi. Hapakuwa na mstari wa abiria leo, lakini walikuwepo mzee wake, na adui yake, na mama wa mwanamke aliyemtaka, na hiyo ni hadhara kubwa kuliko bandari nzima. "Ibtisam," akaita.

"Naam."

Sauti yake ilitoka nyuma ya mabega ya Turki, karibu sana.

"Niliiweka bila ya kukuuliza, nikaiondoa bila ya kukuuliza. Sasa nnakuuliza, na wakinicheka wanicheke. Kwanza, mimi unanitaka? Usiponitaka nitatoka na mzee wangu, na sitakutia lawamani mpaka nafa. Pili, ukinitaka, mahari yako ni kitu gani, na nikiweke mkononi mwa nani?"

Sebule nzima ilishikwa na kimya. Turki alikitumia kimya kile upesi, kama mtu anayeokota chenji ya mwenzake. "Mmesikia? Hajajibu. Anaona aibu, mtoto wa watu. Mimi walii wake nnasema..."

"Kaka Turki," ikasema sauti nyuma yake, "nipishe."

Hakusogea. "Rudi ndani. Kuna wanaume."

"Mama," akasema Ibtisam.

Bi Tamima aliiweka tasbihi kwenye mapaja. Hakuinuka, wala hakugeuka. "Turki, mpishe dadaako."

"Mama, mbele za wanaume hawa?"

"Mbele ya waliokuja kumtaka. Nilikuacha ukasimama mlangoni kwa Hind. Hind keshanieleza jana kilichopita mlangoni hapo." Alimtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu wageni wafike. "Mpishe."

Rangi ilimtoka Turki usoni. Alitazama pazia, na upenyoni akaliona jicho la Hind, halipepesi. Akasogea hatua moja, halafu ya pili, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

Ibtisam alitoka. Alikuwa amejifunga ushungi, hakujipamba, macho yamevimba kidogo. Alimtolea shikamoo Mzee Msabah, akaitikiwa. Halafu akamtazama Simai, wazi, bila ya pembeni, na Simai, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kuinamisha macho, safari hii hakuyainamisha.

"Kumtaka, nnamtaka," akasema Ibtisam. "Na nimekasirika naye bado, hilo nalo mlijue. Ama mahari yangu, nitaitaja mwenyewe, hapa hapa, na itafika kwenye mkono huu." Akaunyosha, mtupu, mbele yao wote.

Turki alifungua mdomo.

"Turki," akasema Bi Tamima, "dadaako anasema."